Joash Shitanda, Aliyesimama kwa Ajili ya Herufi Moja

Na Beldina Kageha, chumba cha wapigachapa

Tarehe 31 Desemba 1967, Bwana Joash Shitanda, mpigachapa mwandamizi wa mahakama yetu hapa Kakamega, atafunika taipureta yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia serikali mbili, ile ya mkoloni na hii ya Uhuru, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi kumi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, ninayeketi meza iliyo karibu na yake tangu 1962, niandike wasifu huu. Wamesema niandike ya kufurahisha. Yapo, nami nitayaandika. Lakini jambo kubwa alilolifanya mzee huyu halikumfurahisha mtu siku ile, na mimi mwenyewe sikuwa upande wake.

Bwana Shitanda alizaliwa Shinyalu mwaka 1912. Aliajiriwa Machi 1936 kuwa karani wa majalada, siku zile wageni walipokuwa wakichimbua mito yetu wakitafuta dhahabu. Mmoja wao, aliyefilisika, alimwuzia taipureta kabla ya kurudi kwao. Bwana Shitanda alijifundisha nayo nyumbani, macho yamefungwa kwa kitambaa, mkewe Mildred akimtajia herufi moja baada ya nyingine huku akichambua mboga. Miaka miwili baadaye alihamishiwa mahakamani, na hapo amekaa.

Kiingereza alijifunza kwa kukishuku. Alikuwa akisema kwamba lugha ile ina maneno mapacha, na kwamba karani asiyewajua mapacha atamwadhibu asiye na kosa. Afisa mmoja Mzungu aliwahi kuagiza masanduku kumi na mawili ya "stationary". Bwana Shitanda alimrudishia rasimu na alama ndogo ya penseli: neno lenye "a" ni la kitu kilichosimama tuli, karatasi na kalamu zinataka "e". Afisa alimwita, akafungua kamusi mbele yake kwa hasira, akasoma, akaifunga. Tangu siku hiyo barua zake zote zilipitia kwa Bwana Shitanda kabla ya kutiwa sahihi.

Tarishi wetu naye aliomba likizo kwa maandishi. Badala ya "leave" akaandika "live", yaani akawa anamwomba mkubwa wa ofisi ruhusa ya kuishi kwa siku kumi na nne. Bwana Shitanda alimwita pembeni, akamwambia, "Ndugu yangu, omba zaidi ya hizo. Una watoto wadogo." Wakaandika upya pamoja.

Sisi vijana alitufundisha sheria moja: mpigachapa hana maoni. Unachapa kilichoandikwa. Ukiona kosa, tia alama ya penseli, peleka kwa mwenyewe aamue. Usiguse neno la mtu. Hiyo ndiyo sheria aliyoishi nayo mpaka Februari 1965.

Hapa yanipasa kumtaja Phineas, mtoto wa dada yake Jescah. Jescah alifiwa na mumewe mapema, na Bwana Shitanda, kama mjomba, ndiye aliyemlipia kijana karo. Jioni nyingi alimketisha mezani kwake na kumfundisha Kiingereza. Phineas alipoingia polisi mwaka 1963, mjomba alimnunulia kalamu ya wino. Alipelekwa kituo kidogo upande wa Shianda, na kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, akapewa kazi ya kuandika taarifa za washukiwa.

Oktoba 1964, mkulima wa miwa aliyeitwa Erastus Wangatia aliuawa kwa panga katika shamba lake. Majirani walisikia ukelele mmoja jua lilipokuwa likizama. Siku mbili kabla, sokoni Shianda, alikuwa amegombana na jirani yake Ayub Swaleh, mkamuaji wa sukari guru, kuhusu mtaro unaopita kati ya mashamba yao. Ayub alikuwa amemwambia mbele ya watu, "Utaona!" Basi asubuhi ya pili Ayub akakamatwa.

Alitoa taarifa yake kwa Kiswahili. Phineas aliiandika kwa Kiingereza, kisha akamsomea kwa Kiswahili, na Ayub akaridhika na kuandika jina lake chini kwa herufi za Kiarabu. Kituoni wakaichapa nakala safi. Nakala hiyo ilisema kwamba jioni ya mauaji, alipotoka sokoni, Ayub alikwenda "to play" mpaka giza likaingia. Yaani alikwenda kucheza.

Polisi wakatafuta alikochezea. Wakauliza wacheza karata, wakauliza wacheza bao, wakauliza vijana wa mpira. Hakuna aliyemwona. Jaji alipokuja Kakamega kusikiliza kesi, Ayub alisema kwamba jioni ile alikuwa msikitini, na imamu pamoja na wazee wawili wakaja kuthibitisha.

"Ulipokamatwa ulisema ulikuwa unacheza," mwendesha mashtaka alimwambia. "Sasa, baada ya miezi minne rumande, ndiyo umekumbuka msikiti?"

"Mimi sikusema kucheza," Ayub alijibu. "Mtu wa miaka hamsini, jua linazama, ninacheza nini?"

Watu walicheka. Mwendesha mashtaka aliwaambia wazee washauri wa mahakama kwamba mtu aliyebadilisha maneno yake ana la kuficha, na kwamba wa dini moja hulindana. Konstebo Phineas aliulizwa swali moja tu: je, alimsomea mshtakiwa taarifa yake, naye akaikubali? Akajibu ndiyo, na ilikuwa kweli.

Ushahidi ulifungwa Alhamisi mchana. Ijumaa saa tatu asubuhi Jaji angetoa muhtasari wake, wazee watoe maoni, hukumu isomwe. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia, sote tulijua hukumu ni moja.

Mchana huo faili lilishuka chumbani kwetu ili Bwana Shitanda atoe nakala za vielelezo kwa ajili ya Jaji. Mlio wa taipureta yake niliuzoea kama mvua ya huku, ikianza haikatiki. Nilisikia umekatika. Nikainua macho. Alikuwa ameshika karatasi iliyokuwa chini ya ile iliyochapwa, ya mwandiko wa wino wa buluu.

"Beldina, njoo usome hapa, mwanangu."

Nikasoma. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba Ayub alifuata "load", yaani mzigo, alipotaka kusema barabara. Alivuka "liver", yaani ini, badala ya mto. Sokoni alikuwa amenunua "lice". Chawa, badala ya mchele.

"Huyu r na l zimemshinda kabisa," nikasema, nikicheka. Wengi wetu wa huku ulimi hauzitenganishi, na mimi pia hunipata nikiharakisha.

Yeye hakucheka. "Namjua," alisema. "Nilimfundisha mimi."

Akaweka karatasi mbili sambamba, akapitisha penseli bila kuigusisha. Mzigo, walipochapa nakala safi, walikuwa wameusahihisha kuwa barabara. Ini walikuwa wamelifanya mto. Chawa walikuwa wamewafanya mchele. Maneno hayo yalikuwa upuuzi, kila mtu angeyaona. Penseli ikafika "play", ikasimama.

"Hili hawakulisahihisha," alisema. "Kwa nini walisahihishe? Ni neno zima, lina maana yake. Sasa tia r mahali pa l."

Nikatia. "Pray." Kuswali.

Nakiri hapa, mbele ya wote watakaosoma, nililomwambia. Nilimwambia anyamaze. Nilimkumbusha kwamba barua ya kumpandisha cheo kuwa msaidizi wa karani mkuu ilikuwa mezani ikisubiri sahihi. Nilimkumbusha kwamba Phineas angevuliwa sare. Nilisema wakili wa Ayub yupo, hiyo ni kazi yake, na kwamba pengine Ayub ndiye aliyeua, nani ajuaye?

"Pengine," alisema. "Lakini asinyongwe kwa neno ambalo hakulisema."

Akapanda kwa karani mkuu, Bwana Kimutai. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia. Bwana Kimutai si mtu mbaya, naye amenipa ruhusa kuandika haya. Alisema, "Bwana Shitanda, sisi hapa ni mkono, si mdomo. Ushahidi umefungwa. Wakili amekwisha kurudi Kisumu, kesho atafika dakika za mwisho. Ukisimama katika mahakama ya Jaji, utafungwa wewe kwa kuidharau. Na mimi sitasimama nawe. Nina watoto sita."

Bwana Shitanda alirudi mezani akaendelea kuchapa. Katika ukurasa mmoja alikosea mara tatu. Sijawahi kuona jambo hilo kabla wala baada.

Saa kumi na moja alipanda baiskeli, lakini hakwenda kwake. Alikwenda kwa dada yake. Mama Mildred ndiye aliyenisimulia baadaye. Bwana Shitanda alimkuta Jescah akianua mahindi uani, akamweleza yote, kwa sababu hakutaka ayasikie kwa watu.

"Mtoto huyu umemlea wewe," Jescah alimwambia. "Ulimlea ili uje umvunje mbele ya Wazungu na Waafrika?"

"Sitasema alidanganya. Nitasema alikosea."

"Na nani atajua tofauti?"

Jescah akachukua ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Ijumaa, ukumbi ulijaa kabla ya saa tatu. Upande mmoja waliketi jamaa wa marehemu Erastus, mjane wake mbele kabisa. Upande wa pili waliketi watu wa Shianda, na miongoni mwao Zeituni, mkewe Ayub. Phineas alikuwa amesimama mlangoni na askari wenzake, vifungo vya sare vinang'aa. Jaji akaingia, tukasimama, tukaketi. Bwana Shitanda hakuketi.

Alikuwa nyuma ya meza ya makarani, faili mikononi. Jaji alimtazama akidhani amesahau.

"Keti," alisema.

"Bwana Jaji, naomba radhi. Katika kielelezo cha tatu kuna neno ambalo si la mshtakiwa."

Alisema kwa Kiingereza, polepole, kila herufi mahali pake. Jaji alimwuliza yeye ni nani. Akajibu yeye ni mpigachapa. Jaji akamwuliza kama anajua kwamba anaweza kutoka hapo na pingu. Akajibu anajua. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi.

Jaji akanyoosha mkono. Faili likapelekwa. Alisoma mwandiko ule wa buluu kwa muda mrefu, akafunua nakala iliyochapwa, akarudi kwenye mwandiko. Akawaita mawakili wote wawili mbele wakasoma naye. Wakili wa utetezi aliweka mkono kichwani. Kisha Jaji akasema, "Mwiteni konstebo aliyeandika. Na wewe, mpigachapa, usimtazame wala usitoe neno."

Bwana Shitanda akainamisha uso, akatazama sakafu. Phineas akapanda kizimbani. Hakujua ni neno gani, kwa kuwa mama yake hakuwa na njia ya kumfikia. Alipiga saluti safi.

"Mshtakiwa alisema nawe kwa lugha gani?" Jaji aliuliza kupitia mkalimani.

"Kiswahiri, Bwana Jaji."

"Alisema alipotoka sokoni alikwenda kufanya nini?"

"Arisema arienda kuswari."

Ukumbi ukavuma. Jaji akagonga meza.

"Na wewe ukaandika nini?"

"Nikaandika hivyo hivyo. Mimi huandikanga kire mtu amesema."

Alipewa karatasi yake, akaambiwa asome. Akasoma sentensi yote kwa sauti, na neno lile likatoka kinywani mwake katikati ya r na l, ungeweza kulichukua upande wowote. Jaji akamwambia ataje herufi zake moja moja.

"P," alisema Phineas. "L. A. Y." Alizitaja kwa uhakika, kama mwanafunzi anayesubiri kusifiwa.

"Na watoto wakiwa uwanjani na mpira, wanafanya nini kwa Kiingereza?"

"They play, Bwana Jaji."

Kinywa chake kilibaki wazi. Akaitazama karatasi. Niliona rangi ya uso wake ikibadilika, na macho yake yakamtafuta mjomba wake ukumbini, yakampata, lakini mjomba alikuwa ameamriwa kutazama chini. Phineas akasema kwa sauti ndogo, bila kuulizwa, "Mtu huyu arisema kuswari. Ni mimi niriyekosea."

Mwendesha mashtaka akaketi. Imamu aliitwa tena, na safari hii alisikilizwa kama shahidi, wala hakuna aliyemwuliza habari ya kulindana. Alisema Ayub alikuwa safu ya pili katika sala ya magharibi, na kwamba ukelele ulisikika walipokuwa bado hawajatoka. Saa tano kasorobo, wazee watatu walitoa maoni yao, mmoja mmoja: hana hatia. Jaji akakubaliana nao. Mkalimani alipomwambia Ayub kwamba yuko huru, aliketi sakafuni mwa kizimba.

Ningependa kusema kwamba siku ile tulimbeba Bwana Shitanda juu kwa juu. Hapana. Tulimpisha njia. Mjane wa Erastus alimngoja langoni, akamwuliza, "Basi nani alimuua mume wangu?" Hadi leo hakuna anayejua. Kila mwaka mama huyo huja kwetu kuandikisha barua ya kuwaomba polisi waendelee kutafuta. Bwana Shitanda ndiye humchapia, wakati wa chakula cha mchana.

Barua ya kupandishwa cheo haikuonekana tena mezani. Anastaafu akiwa na cheo alichokuwa nacho siku ile. Phineas hakufukuzwa, ila alihamishwa mbali sana, kaskazini mpakani, na hakuandika hata mstari mmoja kwa miaka miwili. Jescah naye hakukanyaga kwa kaka yake, wala Krismasi, wala mazishi ya shangazi yao.

La kucheka lilikuwepo moja. Wiki iliyofuata Zeituni alikuja ofisini na ingokho, jogoo mwekundu mzuri, amemfunga miguu. Bwana Shitanda alimshukuru na kumkatalia, akisema mfanyakazi wa mahakama hapokei kitu kwa mtu wa kesi. Zeituni akasema yeye harudi Shianda na jogoo aliyekwisha kutolewa. Wakabishana kwa adabu mpaka kamba ikalegea. Jogoo alipita chumba cha majalada, akapanda meza ya Bwana Kimutai, na mahakama nzima ikamfukuza mpaka saa tisa. Mwishowe Zeituni alimpeleka kwa mjane wa Erastus. Alipokelewa, na mpaka leo wale wanawake wawili husalimiana sokoni.

Bwana Kimutai ndiye aliyefuata kulainika. Mwezi Aprili mwaka ule ule alimwita Bwana Shitanda, akafunga mlango safari hii, na walipotoka tukatangaziwa mafunzo ya kila Jumatano alasiri kwa makarani wetu na askari wowote watakaotaka. Bwana Shitanda amefundisha mapacha wake wote: "accept" na "except", "lose" na "loose", "personal" na "personnel". Watu mia moja na kumi wamepita mikononi mwake. Somo la kwanza ni lile lile kila muhula: andika kwanza katika lugha aliyosema mtu, ndipo utafsiri, na karatasi zote mbili zikae faili moja. Wengine walikuja wakinung'unika. Hakumcheka hata mmoja.

Agosti mwaka huu barua ilifika kutoka kaskazini. Bwana Shitanda aliisoma amesimama, kisha akanipa nami niisome. Amekubali ninukuu mistari hii: "Mjomba, naandika kwa Kiswahili maana katika jambo hili sitaki kukosea. Siku ile nilidhani umenivua nguo mbele ya watu. Nilikuwa na hasira mwaka mmoja, na mwaka wa pili ilikuwa aibu. Yule mzee angekufa, nami ningeishi bila kujua. Nimepata likizo Desemba. Mwambie mama, mimi naogopa."

Jioni ile alipanda baiskeli tena kwenda kwa dada yake. Alisimama uani, akamsomea barua yote kwa sauti, neno kwa neno, bila kuruka. Jescah alisikiliza akiwa ndani, nyuma ya mlango. Barua ilipokwisha, mlango ukafunguka.

"Ingia ule obusuma," alimwambia, akionyesha ugali uliokuwa mezani. "Usisimame nje kama mgeni."

Mzee Shitanda, sisi wa chumba cha wapigachapa tunakushukuru kwa miaka yote, nami nakuomba radhi kwa lile neno "nyamaza". Nenda Shinyalu ukapumzike na Mama Mildred. Mungu akupe afya, mvua kwa wakati wake, na nyumba isiyokosa watu. Meza yako tutaifuta vumbi kila asubuhi.